Nilipokuwa Nikisubiri Hodi

Duka langu la pembejeo liko Mwanjelwa, na kila Jumamosi mlango wake hubaki umefungwa, jambo ambalo limewafanya majirani wote waamini kwamba sisi ni Wasabato. Nimechoka kueleza. Kofia ndogo ninayovaa huwafanya baadhi ya wateja wanisalimu kwa "Asalam aleikum", na neno "Shalom", ambalo pengine lingenitambulisha, lilishachukuliwa zamani na ndugu zetu walokole, kiasi kwamba katika jiji hili la Mbeya mtu akikuamkua kwa "Shalom!" unaweza kuwa na hakika kwamba anatoka kwenye mkesha wa maombi, wala hatoki Yerusalemu. Kwa sababu hiyo, mgeni mmoja mrefu mwenye viatu vilivyojaa udongo alipoingia dukani miaka mitatu iliyopita, akaitazama kofia yangu kwa muda na kusema "Shalom", nilimwitikia kwa mazoea ya biashara, kisha nikamwuliza anahitaji mipira ya inchi ngapi.

Alikuwa Myahudi, kama mimi. Nililitambua hilo siku hiyohiyo, alipokuwa akihesabu viungio vya mipira kwa sauti ya chini: ahat, shtayim, shalosh, yaani moja, mbili, tatu kwa Kiebrania. Ni mtaalamu wa umwagiliaji kutoka Israel, anawashauri wakulima wa parachichi wilayani Rungwe, na amepanga nyumba Tukuyu, takribani kilomita 70 kutoka hapa. Tangu siku hiyo amekuwa akija dukani karibu kila mwezi. Nilimwuzia mipira, vichujio na koki; tulizungumza kuhusu mvua, mbolea na ubovu wa pampu za bei rahisi; na kwa muda wa miaka miwili sikumwalika hata mara moja kwenye meza yangu ya Sabato, ingawa sikujua meza nyingine ya namna hiyo kati ya Iringa na Tunduma. Kusita huko nilikuita unyenyekevu, na ndiyo sababu ya kuandika haya, kwa kuwa jina hilo halikuwa la kweli.

Kwanza nieleze mimi ni nani katika habari hii. Wazazi wangu walitoka katika jumuiya ya Abayudaya, inayoishi kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Jumuiya hiyo ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza, ambaye kwa kuisoma Biblia yeye mwenyewe alifikia uamuzi wa kutahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919 na kujitangaza kuwa Myahudi. Yeye na wafuasi wake walikuwa na Maandiko na bidii, lakini hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha namna mambo yanavyofanywa. Mwaka 1920 akatokea Myahudi mmoja mgeni, ambaye wazee humkumbuka kwa jina moja tu la Yusufu, akakaa nao takribani miezi sita, akawafundisha kalenda ya sikukuu na vyakula vinavyoruhusiwa, kisha akaenda zake. Baba alikuwa akisema kwamba laiti Yusufu angejiuliza kwanza kama elimu yake inatosha, sisi tungekuwa tunaadhimisha Pasaka kwa kukisia. Idi Amin alipopiga marufuku ibada za Kiyahudi miaka ya 1970, baba, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alivuka mpaka pamoja na mama, akapata kazi ya kufundisha Mbeya, na hapa ndipo nilipozaliwa. Tulisali nyumbani madirisha yakiwa wazi, jambo ambalo mama aliliona kuwa anasa hadi siku ya kufa kwake.

Kwa msomaji ambaye si Myahudi, ni vizuri nieleze pia kwamba Uyahudi hauna desturi ya kuwaendea watu wa dini nyingine na kuwataka waingie. Hata anayekuja kwa hiari yake, mila inamtaka rabi, yaani mwalimu wa dini yetu, amkatishe tamaa kwanza ili ajulikane kama kweli amekusudia. Juhudi za kuita zinaelekezwa ndani, kwa Wayahudi ambao hawashiki Sabato, hawafuati sheria za chakula au hawasali, na juhudi hizo huitwa kiruv, yaani kuleta karibu. Wanaojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Wachabad, kundi la Wayahudi wanaoshika dini sana. Kiongozi wao, Rabi Menachem Mendel Schneerson, aliyeshika uongozi huko Brooklyn mwaka 1951, aliwatuma vijana waliooana kwenda kuishi katika miji ambayo haikuwa na rabi, na mwaka 1967, siku chache kabla ya Vita vya Siku Sita, akaanzisha kampeni ya kuwasimamisha Wayahudi barabarani na kuwaomba wavae tefilini, vile vijisanduku vya ngozi vyenye maneno ya Torati, kwa dakika chache tu. Hakupenda watu hao waitwe "walio mbali", kwa hoja kwamba hakuna binadamu aliyekabidhiwa kipimo cha kupimia nani yuko mbali na nani yuko karibu.

Nilikuwa nikisoma habari hizo kwa heshima, na bado nafsi yangu ilikataa. Anayetaka kujua sababu na apande basi la alfajiri kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Kabla hamjapita Uyole mhubiri atakuwa amesimama katikati ya viti, na abiria ambaye hana pa kukimbilia atahimizwa kutubu hadi Chimala. Nimehubiriwa kwenye mabasi, kinyozini, misibani, na mara moja nikiwa nimelazwa hospitalini na dripu mkononi. Wengi wa watu hao ni wema na walinitakia mema, sina ugomvi nao. Lakini ninalijua vizuri jicho la mtu aliyekwisha kuamua kwamba umepungukiwa kabla hujasema neno, na niliapa kwamba mimi sitamtazama mtu yeyote kwa jicho hilo, hasa mtu wa kwetu.

Sababu ya pili ilikuwa ya aibu zaidi, na sikuitamka hata kwa mke wangu. Uhalali wa Uyahudi wetu umekuwa ukibishaniwa kwa miaka mingi. Mwaka 2002 marabi wa tapo la Conservative, mojawapo ya matapo ya Uyahudi, walikuja Uganda wakawaongoa rasmi mamia ya watu wetu kwa kuzamishwa majini mbele ya baraza la marabi, wakati wengine, hasa wa kijiji cha Putti, waliamua kufuata njia ya Kiorthodoksi, ya Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali zaidi. Na hadi leo wapo Waisraeli wanaoshika dini sana ambao wasingekula sahani moja na mimi kama Myahudi. Sasa mtu aliyezaliwa Israel, anayeota ndoto kwa Kiebrania, ambaye hakuna hata mmoja anayemwuliza yeye ni nani, mimi wa Mwanjelwa nimwambie nini kuhusu Sabato? Nilihisi kwamba angecheka, au vibaya zaidi, angenihurumia.

Kulikuwa pia na sababu ambazo ni za busara kweli, nami bado ninaziheshimu. Nimesikia habari za familia ambazo kijana mmoja alirudi kwenye dini akaanza kukataa chungu cha mama yake. Nimesikia za karamu na safari za bure ambazo mwaliko wake ulikuwa umefunika kusudi jingine. Hayo yapo.

Kisha likatokea jambo la kitimoto, nyama ya nguruwe, ambayo sheria yetu ya chakula inaikataza. Wanaoijua Mbeya hawahitaji maelezo: jioni ya Alhamisi moshi wake unakukuta mbali kabla hujaona jiko. Nilikuwa nikimfuata fundi wa pampu ambaye alisema tukutane kwenye baa moja ya mtaa wa Soweto hapa Mbeya, nikapita kati ya meza, na huyo hapo mteja wangu, mbele yake sahani ya kitimoto na ndizi za kuchoma. Alinyanyua macho, akaiona kofia kabla ya kuniona mimi, na mkono wake ukaisogeza sahani pembeni kidogo, kama mwanafunzi anayeficha karatasi. Nilimsalimu, nikauliza habari za shamba, nikaendelea na safari yangu. Sikusema lolote. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwa staha yangu, lakini yeye hakuonekana dukani kwa wiki saba, na baadaye nikasikia kwamba alikuwa akinunua koki kwa mshindani wangu wa Kabwe, ambaye bei zake ziko juu.

Wiki hizo zilinifundisha kwamba ukimya wangu haukuwa mtupu kama nilivyodhani. Kofia ilikuwa imehubiri bila mimi, na kwa kuwa sikuwahi kumpa neno lolote jingine la kuweka kando ya kofia hiyo, alijijazia mwenyewe, akajijazia hukumu. Kama angekuwa amekwisha kula kwangu mara tatu, nadhani angenivutia kiti na kunitania.

Nikaenda kwenye vitabu vya baba, kama ninavyofanya ninapotaka kuahirisha jambo. Torati katika Mambo ya Walawi 19:17 inaamuru kumkemea jirani, na aya inayofuata inaamuru kumpenda, na wenye hekima wa Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, walitumia muda mwingi kuuliza namna ya kuziweka aya hizo mbili katika kinywa kimoja. Rabi Tarfoni alisema atashangaa kumwona mtu katika kizazi chake anayekubali kukemewa. Rabi Elazari bin Azaria akajibu kwamba yeye atashangaa kumwona anayejua kukemea. Mahali pengine imeandikwa kwamba kama ilivyo wajibu kusema neno litakalosikiwa, vivyo hivyo ni wajibu kutosema neno ambalo halitasikiwa. Hilo nilikuwa nalipenda mno, kwa kuwa lilinipa ruhusa ya kunyamaza, na sikuwa nimejiuliza kwa nini neno langu lisingesikiwa. Lisingesikiwa kwa sababu sikuwa mtu wa karibu naye.

Rabi Musa bin Maimon, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kuhusu watoto waliokulia katika njia ya wazazi walioiacha mila ya marabi kwamba wahesabiwe kama mtoto aliyetekwa akalelewa na wageni, na kwamba inafaa wavutwe kwa maneno ya amani. Ni hukumu ya huruma na imewaokoa wengi na kulaaniwa. Hata hivyo ninakiri kwamba mfano huo haunikai vizuri moyoni ninapomfikiria mtu mzima mwenye shahada mbili anayeisoma Biblia katika lugha yake ya nyumbani. Kilichonigusa zaidi ni habari za Haruni kaka yake Musa. Hilel, mwalimu wetu wa kale, alifundisha kwamba tuwe wanafunzi wa Haruni, wapenda amani, wenye kuwapenda watu na kuwaleta karibu na Torati, na mapokeo yanaeleza alivyofanya: alipokutana njiani na mtu mwovu alimsalimu. Basi. Kesho yake mtu huyo akitaka kutenda ubaya alijiuliza atawezaje kuyainua macho na kumtazama Haruni aliyemsalimu jana. Katika nchi hii ya Wanyakyusa, ambako huwezi kumpita mtu barabarani bila "Ugonile", sikuona udhuru wowote wa kushindwa kufanya kazi ya Haruni.

Na bado sikufanya. Aliyefanya ni mke wangu, ambaye hana subira na mijadala yangu. Mgeni aliporudi hatimaye, akihitaji kichujio ambacho mshindani wangu hakuwa nacho, mimi nilikuwa stoo, na niliporudi nikamkuta mke wangu anamalizia sentensi.

"Shemeji, Ijumaa hii karibu kwetu ule. Uje mapema na ujiandae kulala, barabara ya Tukuyu usiku ina ukungu."

"Ndaga fijo, dada," alishukuru kwa Kinyakyusa alichofundishwa shambani, kisha akanitazama mimi kwa wasiwasi. "Lakini mimi si mtu wa dini."

"Nimekuuliza dini? Nimekuambia chakula."

Alikuja saa kumi jioni akiwa na kikapu cha parachichi. Mke wangu alikuwa amepika mbasa wa Ziwa Nyasa, maana kwetu nyama ni shida kwa kukosa mchinjaji wa Kiyahudi, na kambale hana magamba ambayo sheria yetu inayadai kwa samaki, pamoja na wali wa Kyela na mikate miwili ya kusuka. Divai yetu ni maji ya zabibu kavu zilizochemshwa, kama alivyofanya baba. Mishumaa iliwashwa kabla ya jua kuzama, nasi tukaanza kuimba ile aya ya Kutoka inayosema kwamba Mungu alipumzika siku ya saba, vayinafash. Neno hilo nimeliimba tangu nikiwa na miaka minne. Mgeni alitabasamu, nami damu ikanipanda usoni, nikijua kwamba nimekosea matamshi mbele ya mwenye lugha.

Nilikuwa nimekosea kweli, alinirekebisha silabi moja. Lakini kilichomfanya atabasamu kilikuwa kingine. Alieleza kwamba kwao nofesh ni likizo, ile ambayo mfanyakazi hupewa akaenda pwani, na kwamba neno hilo limetoka kwenye nefesh, nafsi, kwa hiyo katika wimbo wetu Mungu anajirudishia nafsi yake. Binti yangu wa miaka tisa akauliza kama Mungu aliomba ruhusa ya likizo kwa nani. Tukakaa kwenye swali hilo hadi wali ukapoa. Mtu huyu, ambaye nilikuwa nikimwonea huruma kwa kutojua, aliisoma sehemu ya Torati ya wiki ile kama mtu anavyosoma gazeti, akisimama pale alipoona habari imeandikwa vibaya, na akauimba wimbo wa kuwakaribisha malaika kwa lahani ya bibi yake ambayo sikuwahi kuisikia. Baadaye nilikumbuka utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa mwaka 2016, kwamba takribani nusu ya Wayahudi wa Israel hujiita hiloni, wasioshika dini, na kwamba asilimia 87 ya hao walikuwa wamehudhuria au kuandaa karamu ya Pasaka. Nilikuwa nimezisoma takwimu hizo, lakini sikuwa nimezielewa.

Ni yeye pia aliyeliona jambo ambalo mimi, mzaliwa wa Kiswahili na msomaji wa Kiebrania, nilikuwa nimelipita kila siku. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya kula, baridi ya Juni imekaza, akasema neno la kwanza alilojifunza Tanzania lilikuwa karibu, na halikumpa taabu, kwa kuwa kwao aliye karibu ni karov. Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. Mzizi huohuo ndio uliotupa akraba, na ndio ulio ndani ya kiruv. Nilinyamaza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeliogopa kwa miaka miwili neno ambalo nalitumia kwa wateja mara mia kwa siku.

Nadhani kosa langu lilikuwa katika kuijua karibu ya aina moja tu, ile inayojibu hodi. Nilikuwa nimekaa ndani nikisubiri abishe, na kwa kuwa hakubisha nikajiambia kwamba hataki kuingia. Na kwa kweli alikuwa amebisha, siku ile ya kwanza alipoitazama kofia na kusema "Shalom". Lakini tunayo karibu nyingine, ya watu wanaokula barazani, ambayo humwendea kila apitaye njiani bila kubisha. Apitaye hujibu "Asante, endeleeni" na kwenda zake, na hakuna aliyekosewa. Hatumwiti ili tumhesabu. Kama angekaribia na kugundua kwamba sahani aliyopewa ina masharti, habari ingeenea mtaa mzima. Basi nikajiuliza swali ambalo vitabu vya baba havikuniuliza: kama mtu huyu hatashika Sabato hata moja maishani mwake, bado nitataka aje? Siku nilipojibu ndiyo bila kupepesa, kusita kuliisha, na nikaona kwamba kabla ya hapo kulikuwa na sababu njema ya kusita.

Kesho yake saa nane mchana, wakati maharage yaliyolala juu ya jiko lililofunikwa majivu yalikuwa bado sufuriani, alipigiwa simu kwamba pampu imekufa shambani, akaomba radhi, akawasha gari na kuondoka. Nilisimama getini nikitazama vumbi. Wapo marabi wakubwa, kama Rabi Moshe Feinstein wa New York, waliokataza kumwalika mtu ambaye unajua ataendesha gari siku ya Sabato kwa ajili ya mwaliko wako. Wapo wengine wanaoruhusu iwapo umempa mahali pa kulala, naye akaamua mwenyewe. Sisi tulikuwa tumempa chumba. Hata hivyo ilinichoma. Mzee mmoja jirani, Msabato wa kweli, aliyekuwa akirudi kanisani, aliuliza kwa upole kama mgeni wetu ameruhusiwa kusafiri siku ya Bwana, nami nikakosa jibu. Mke wangu alisema tu kwamba angekuwa Tukuyu angeendesha vilevile, tena akiwa na njaa.

Tangu hapo amekuja mara kumi na moja. Kitimoto nadhani bado anakula, sijamwuliza. Mara mbili amebaki hadi nyota zinatoka na Sabato kuisha, na mara moja, bila kuombwa na mtu, aliizima simu yake Ijumaa na kuitia kwenye droo ya vijiko, akaisahau hadi Jumapili. Mimi nimejifunza kuisoma Torati bila kuimba kila silabi kana kwamba nafanya mtihani. Wiki iliyopita alinipigia kuuliza kama anaweza kuja na wenzake wawili kutoka Njombe, ambao, kwa maneno yake, ni wabaya kuliko yeye. Nilitaka kumwambia kwamba nitamjibu kesho, ile tabia ya zamani ikinishika shati. Nikamwambia waje na masweta, na jioni ile nikaenda Kabwe kununua godoro.